Ubongo Ni Wake, Mfuko Ni Wangu

Wewe ambaye mtoto wako amechagua sheria, mshukuru Mungu. Wewe ambaye wako ameingia uchumi, piga magoti kabisa. Hata yule wa ualimu, ambaye mshahara unamfikia ukipenda, angalau akiulizwa "mutoto anasoma nini?" mzazi wake anajibu neno moja, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya makala. Mimi nikiulizwa, navuta pumzi kwanza. Mimi, mtoto wa dada yangu ameamua kusoma ubongo. Si kusuka nywele juu ya kichwa, ingekuwa heri, saluni za Katoyi hazilali njaa. Ubongo wenyewe. Ile nyama ya ndani. Anaiita nerosayansi, na anaitamka haraka haraka, mbele ya wageni, bila aibu.

Hapa Katoyi, mtaa wa Goma, nina sekretaria. Kile kibanda cha mbao kando ya barabara ya mawe meusi, unakijua, ulishakaa kwenye benchi langu bila kununua kitu. Kompyuta moja, printa moja, mashine ya fotokopi iliyoona mengi. Wanafunzi wanakuja na flashi zenye virusi vyote vya Kivu, mimi nawatolea memwari zao. Kwa hiyo ukoo mzima unaamini mimi ni msomi. Mtu anayekaa karibu na karatasi nyingi hivyo hawezi kuwa mjinga. Na mtu anayeshika franga mia mia kutwa nzima, lazima feza iko mahali. Uongo wa kwanza, uongo wa pili. Ndio ulionipeleka kwenye baraza la ukoo siku binti alipoleta diplome yake ya Leta.

Tulikaa kwenye parseli ya mama. Viti vya plastiki. Mimi nilipewa kile chenye mguu mmoja mgonjwa, ndicho changu siku zote. Mama akauliza la kwanza: "Huyu mutoto atatumika na bale ba kichwa mubaya?" Binti akajibu kwa heshima, "Koko, hata hao, lakini si hao tu. Ni kujua kumbukumbu inakaa wapi, usingizi unatoka wapi, woga, maumivu, mukono unatikisikaje." Mama akasema amina, maana akisikia maneno mengi anafikiri ni maombi.

Shemeji akauliza la pili. Shemeji ambaye hata sadaka anatoa kwa kuahidi. "Sawa. Lakini itatoa kazi gani?"

Kimya. Wote wakanigeukia mimi. Nikajikaza kwenye kiti, kiti kikalia. Nikasema, "Kazi ziko." Ziko wapi, sikujua. Lakini mwenye printa hawezi kusema hajui, atafunga duka. Shemeji akapiga paja: "Basi, kama Tonton anajua kazi ziko, Tonton ataanza na minervali." Makofi. Mama akafunga kwa maombi, safari hii ya kweli. Na hapo hapo sayansi ya ubongo ikatoa kazi yake ya kwanza katika ukoo wetu. Yangu. Ya kulipa.

Nilitaka kwanza kujua mlango wenyewe uko wapi. Mimi nilidhani unaingia inivasite, unasema "nipeni ubongo," wanakuandika. Kumbe kwetu huu ubongo uko nyuma ya milango mingine. Unaweza kupitia udaktari, Unigom wana fakilte yake. Unaweza kupitia saikolojia, ULPGL wanayo. Wengine wanapitia biolojia, wengine famasi, wengine hesabu na kompyuta, maana siku hizi hata mashine zinasoma ubongo. Huko Uingereza, Marekani, Afrika Kusini, kuna digrii yenye jina hilo hilo. Hapa unazunguka nyumba kwanza.

Binti akachagua udaktari. Nikashika kalamu. Udaktari wenyewe miaka sita, saba, ukitia na stajia. Baada ya hapo utaalamu wa neva au wa magonjwa ya akili, miaka mingine minne, mitano. Na mahali panapojulikana kwa hayo ni Kinshasa, juu kule Mont-Amba, kwenye CNPP, hospitali ya chuo kikuu inayoshughulika na neva na akili tu. Akitaka kuwa mtafiti, aongeze doktora. Nilipofika hapo nikageuza karatasi, nikaandika umri wangu upande wa pili. Nikajumlisha. Nikaikunja karatasi, nikaiweka chini ya mguu wa kiti.

Na Kinshasa yenyewe, unaifikaje? Barabara hakuna. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, vita ilipoingia mjini. Mtu wa Goma akitaka kuona mji mkuu wa nchi yake, anavuka mpaka Gisenyi, anakamata gari ya Kigali, anapanda ndege ya nje, ndipo anarudi kwao. Benki nazo zilifunga milango. Minervali inasafiri kwa simu, na njiani kuna mtu anakata chake. Kila mara. Huyo naye anaishi kwa ubongo wa binti yetu. Mwandikeni kwenye ile orodha ya kazi anayoidai shemeji.

Basi masomo yakaanza hapa hapa Goma. Noti nani anazitoa? Printa yangu. Kwa bei gani? "Tonton, ni kurasa kidogo tu." Kurasa kidogo, zote zina picha, picha zote zina rangi, ubongo umekatwa huku, umekatwa kule, wino wangu unaishia kwenye nyama ya watu nisiowajua. Lakini kwa kuwa nimelipia, nasoma. Karatasi inatoka polepole, mimi nasoma polepole, tunaelewana.

Ndipo nikakuta kwamba ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu, lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu yote ya mwili. Nikacheka peke yangu kibandani. Huyo ni shemeji mtupu: kilo hana, jasho hana, na sahani yake ndiyo kubwa.

Nikakuta tena kwamba chakula chote hicho kinatoa kama wati 20. Ishirini! Printa yangu ikiamka tu asubuhi inakunywa kupita hapo, grupu inaanza kukohoa. Na kurani ya kichwani haikatiki. Mjerumani mmoja, Hans Berger, aliinasa mwaka 1924. Alibandika vyuma kwenye vichwa vya watu, hata cha mtoto wake mwenyewe, mashine ikachora mawimbi. Alingoja mpaka 1929 kuyachapisha, na wenzake wengi hawakumwamini. Leo madaktari wanasoma kifafa kwenye mawimbi hayo hayo. Mimi nikauliza swali la mfanyabiashara. Mtu mwenye wati 20 kichwani, kurani ikikatika Katoyi, hawezi kuchaji hata simu moja? Binti alinitazama muda mrefu. "Tonton," akasema, "endelea tu kutoa karatasi."

Ikatoka karatasi ya bilioni 86. Hizo ni seli za neva kichwani mwa mtu mmoja. Zamani vitabu vilisema bilioni 100, na ukiuliza nani alihesabu, kila kitabu kinakuelekeza kwa kitabu kingine. Mama mmoja wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, akachoka na umbea huo. Akachukua ubongo, akausaga mpaka ukawa supu, akaikoroga isawazike, akahesabu viini vya seli kwenye matone, akazidisha. Yeye na wenzake walichapisha hesabu hiyo mwaka 2009. Supu! Mimi nimekunywa supu ya kichwa cha mbuzi pale Birere miaka yote hii, sijawahi kuhesabu chochote isipokuwa chenji.

Lakini iliyoniuma si supu. Iliyoniuma ni kwamba Kongo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Hapa Katoyi hakuna anayejua tuko wangapi, tunalala kichwa huku miguu kule, na kuna mtu huko Brazil amekwisha kuhesabu vilivyomo ndani ya kila kichwa. Nikampelekea habari shefu wa avenyi. Bilioni 86, shefu, kwa kila mkaaji. Akaniuliza kama wote wamejiandikisha kwake.

Ubaya wa printa yangu ni kwamba inatoa karatasi mbele ya watu. Siku hiyo motari mmoja alikuwa amesimama anasubiri kopi ya karata yake. Ukurasa ukatoka, akauchukua yeye. Ulikuwa unaeleza madereva wa teksi wa London. Hao, kabla ya kupewa leseni, wanakariri barabara kama elfu 25 za mji, wanasomea mtihani huo miaka. Mwaka 2000 mtafiti Eleanor Maguire na wenzake walipiga picha bongo zao. Wakakuta hipokampasi, ile sehemu ya ndani inayoshika njia na kumbukumbu, kwa upande wake wa nyuma ni kubwa kuliko ya watu wengine. Na aliyeendesha miaka mingi zaidi, yake ilikuwa kubwa zaidi.

Motari akasoma. Akarudia. Akavua kofia yake, akajishika kisogo.

"Papa," akasema, "hao ba London, kwao kila avenyi iko na kibao. Siye kibao hatuna. Siye tulijifunza huyu muji, volkeno ikashuka 2002 ikafunika nusu ya njia tulizojua, tukajifunza tena mara ya pili. Basi yangu iko namna gani?"

Nikasema lazima ni kubwa. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Jioni nikapanda moto yake kwenda Katindo, bei ya siku zote, tulipofika akataka ya juu. Ya nini? "Ya hipokampasi." Nikalipa, nilikuwa nimevaa viatu vyeupe na chini kulikuwa na tope. Kesho yake kituo kizima kilikuwa kinajua. Wenzangu wanalipa moto. Mimi nalipa moto na hipokampasi.

Halafu wakaja nzi. Wewe unafikiri mtu anayesoma ubongo anasoma ubongo wa mtu? Mimi pia. Kumbe wengi wanaanza na wadudu. Kule Ishaka, magharibi ya Uganda, mwaka 2011, vijana watafiti Lucia Prieto-Godino, Tom Baden na Sadiq Yusuf walianzisha mafunzo kwenye chuo cha Kampala International, na kutoka hapo ikakua jumuiya inayoitwa TReND in Africa. Wakafundisha Waafrika kusoma neva kwa kutumia nzi wa matunda. Sababu yao ni ya watu kama sisi: nzi hali sana, anazaa upesi, maabara yake haihitaji mamilioni, na jeni nyingi zinazoleta magonjwa kwa mtu zina ndugu zao ndani ya nzi. Mwaka 2024 watafiti wakamaliza ramani ya ubongo mzima wa nzi wa matunda aliyekomaa, seli 139,255, kila moja na nyaya zake.

Nikamwambia binti, kama ni nzi, mbona tuna utajiri? Zunguka nyuma ya kibanda, chagua. Akasema hao hawafai. Anataka wale wadogo, wenye macho mekundu, wanaopenda ndizi iliyoiva kupita kiasi, ajizoeze kuwafuga kabla hajaomba nafasi kwenye mafunzo. Kwake hakuna mahali. Kwangu papo. Sasa nyuma ya printa yangu kuna makopo ya ndizi zinazochacha. Wateja wakiingia wananusa, wananikonyeza, wanafikiri nimeanza kukamua kasiksi. Mmoja alileta kikombe chake kabisa. Nikamwambia ni sayansi. Akasema hata yeye sayansi anainywa.

Sasa orodha ya shemeji. Sikuisahau. Nimekusanya mpaka nikaichapa, herufi nene, mstari chini ya kichwa cha habari. Nikamwita pale pale parselini.

Kuna daktari wa neva, nikamwambia: kifafa, kiharusi, mikono inayotetemeka. Kuna mpasuaji. Pale Mbale, Uganda, kwenye hospitali ya watoto ya CURE, Mmarekani Benjamin Warf, aliyefika miaka ya 2000 mwanzoni, aliona kwamba watoto wenye maji kichwani wakiwekewa mrija, mrija unaziba, na kwao ni mbali na hospitali. Akaunganisha njia nyingine: anafungua tundu ndani ya ubongo maji yapite yenyewe, na anachoma sehemu inayoyatengeneza. Mtoto anarudi kijijini bila mrija. Madaktari wa nchi nyingine wakaenda Mbale kujifunza. Mbale, shemeji, si Paris.

Kuna wa magonjwa ya akili na wanasaikolojia. Hapa Goma tuna Tulizo Letu, Bukavu wana Sosame, na kwa tuliyoyaona mji huu sina haja ya kukueleza wagonjwa wanatoka wapi. Kuna watafiti wa dawa. Malale, ule ugonjwa wa mbung'o unaoingia mpaka ubongoni, dawa yake ya zamani ilikuwa na aseniki, na yenyewe iliua karibu mgonjwa mmoja kati ya 20. Leo kuna vidonge, feksinidazoli, vilivyokubaliwa mwaka 2018, na majaribio makubwa yalifanyika hapa Kongo, madaktari wa Kongo wakiwa mbele. Kuna wa kampuni za mashine, wa akili bandia, walimu. Kuna hata wanaosoma ubongo wa mteja ili wamuuzie sabuni. Hao nimewawekea alama, nataka kuwauliza kuhusu mteja anayechukua kopi kwa deni.

Na kuna Désiré Tshala-Katumbay, mtoto wa Kongo, daktari wa neva, aliyetoka Kinshasa akaenda kufundisha Portland, Oregon. Yeye amefuatilia konzo miaka na miaka. Konzo ni miguu kukakamaa ghafla, mtoto aliyekuwa anakimbia anaanza kutembea kwa vidole na fimbo, na haponi. Chanzo ni muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Sumu ya sianidi inabaki ndani, na mtu hana maharagi wala samaki wa kuusaidia mwili kuitoa. Daktari Trolli aliiandika mwaka 1938 huko Kwango. Mwaka 2011 madaktari wakaandika kwamba imeonekana hata Kivu Kusini. Inafuata njaa na vita, maana mtu anayekimbia hangoji muhogo ulowane.

Hapo nilikosea mahali pa kusimulia. Dada yangu alikuwa jikoni, mlango wazi. Tangu siku hiyo bugali yangu inahojiwa. Muhogo umetoka wapi, umelowa siku ngapi, nani shahidi. Mwenye kuuza unga analetwa kwa simu. Mahojiano yakiisha, bugali imekuwa jiwe, sombe imelala, sambaza wamekwisha.

Shemeji alisoma orodha yote. Taratibu, kidole chini ya mstari. Akaifikia mwisho, akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu. "Muzuri sana," akasema. "Sasa, iko gani inalipa mwezi huu?"

Nikakaa kwenye kiti changu cha mguu mgonjwa.

Lakini kuna ukurasa mmoja ambao ulimnyamazisha hata shemeji. Nairobi, miaka ya 1930. Daktari mmoja wa serikali ya kikoloni, Vint, alikusanya bongo za Wakenya waliokufa, akazitia kwenye mizani, na mwaka 1934 akachapisha kwamba ni nyepesi kuliko za Wazungu, na kwamba hazikukomaa. Akafuata Carothers, aliyeiongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari. Huyo aliandika mpaka kwenye kitabu cha Shirika la Afya Duniani, 1953, kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Koti jeupe, kalamu ya dhahabu, upuuzi mtupu. Walihitajika madaktari wetu wenyewe, Lambo wa Nigeria akiwa wa mbele, kuibomoa hadithi ile.

Mimi nimedharauliwa na watu wengi, wengine hata leo asubuhi. Lakini kutiwa kwenye mizani na mtu asiyekujua, akakuandikia kilo na akili pamoja! Nilichemka. Binti akasema taratibu, "Njo maana, Tonton. Hiyo mizani hata siye tuishike." Akaniambia kwamba mwaka 1993, Nairobi hiyo hiyo, ndipo kilipozaliwa SONA, chama cha wanasayansi wa ubongo wa Afrika. Nikautoa ukurasa ule mara mbili, mmoja wa kwangu. Nikajiandikia deni.

Na kama unaniuliza ni lini niliacha kumnung'unikia mbele ya watu, nikabaki kunung'unika nyumbani tu, ni siku mtoto wa jirani alipoanguka mbele ya kibanda changu. Kifafa. Macho juu, povu, mwili unapiga mawe. Watu wakakimbia, maana kwetu wanasema mate yake yanaambukiza. Hayaambukizi, lakini nenda ukawaambie wakiwa wanakimbia. Mama wa makala akaja na kijiko cha kumtia mdomoni. Mwingine na bidoni la maji. Pasta akaanza kufukuza kitu kwa sauti.

Binti akatoka nyuma, kwenye nzi wake. "Musiweke kitu mu kinywa!" Akasukuma mawe pembeni, akanivua koti, lile langu la harusi, akalikunja chini ya kichwa cha mtoto, akamlaza ubavu. Hakumshika kwa nguvu. Akamwacha mwili umalize. "Tonton, saa! Ikipita dakika tano tunamupeleka hopitali!" Natoa simu, simu imekufa. Nikahesabu kwa mdomo, sekunde kwa sekunde, kwa sauti. Watoto wa avenyi wakanizunguka. Kila nikiruka namba wananirudisha. Mtoto aligutuka kabla sijafika kwenye mia ya tatu, na ninavyosema, bado kuna anayenisalimia barabarani kwa "mia mbili na nane, Papa."

Jioni binti alikaa na mama wa mtoto. Mama yule alikuwa amekwisha kumpa mganga mbuzi. Binti akamweleza kwamba kuna vidonge, fenobabitali, dawa inayouzwa tangu mwaka 1912, si ya bei kubwa, ila daktari aipime, na isikatishwe hata siku moja, hata mtoto akionekana amepona. Kesho yake wakaenda. Shemeji alikuwa kwenye benchi langu, ameona yote, amesikia yote. Sikumwambia kitu. Nilikuwa natafuta sabuni ya koti.

Sasa binti ana shida mpya: anahitaji vichwa vya kufanyia mazoezi. Wenzake wana misuko, wana mawigi, vyuma vya ile mashine ya mawimbi havishiki vizuri kwenye nywele. Mimi nina upara. Upara ambao watoto wa Katoyi wamekwisha kuutungia wimbo. Mara ya kwanza maishani mtu anautazama anafurahi. Alinichora alama kwa kalamu ya wino, hapa mbele, hapa kando, hapa nyuma, ajue vyuma vitakaa wapi. Akanihakikishia wino unatoka kwa maji. Maji ya Katoyi, unajua bidoni moja inavyopiganiwa. Nimehudumia wateja na alama zangu.

Kisha mitihani. Kuna wa Stroop, Mmarekani, mwaka 1935. Wanakuandikia "nyekundu" kwa wino wa bluu, unatakiwa kutaja rangi ya wino, usisome neno. Ubongo unavutana wenyewe kwa wenyewe, unachelewa, hapo wanakupima. Binti akautoa kwenye printa yangu. Printa yangu wino wa rangi umekwisha, ulikwenda wapi unajua. Maneno yote yakatoka meusi. Nikajibu: nyeusi, nyeusi, nyeusi, mpaka chini, bila kukosa, bila kupumua. Akasema haihesabiwi. Mtihani mmoja maishani ninaoupasi kwa mia juu ya mia, haihesabiwi.

Mwingine ni wa maneno. Unasomewa maneno kumi na matano, unaulizwa baadaye uyataje. Nikataja "chumvi." Nikataja "kitanda." Nikataja "chumvi" tena, kwa nguvu zaidi. Mama yangu, ambaye hakualikwa, aliyataja karibu yote kutoka dirishani, huku anachambua maharagi.

Nikaona aibu, nikasema basi, kichwa changu kimekufa. Binti akasema hapana, Tonton, kumbukumbu si moja. Jambo lililokugusa kwa hasira au kwa uchungu, ubongo unalishika kwa nguvu kuliko orodha ya chumvi. Nitajie, akasema, watu wanaokudai. Nikanyamaza. Basi nitajie unaowadai wewe. Nikafumba macho. Nikaanza na kopi za karata ya motari, mbele na nyuma. Programu za maombi za pasta, na bahasha. Matangazo ya shefu wa avenyi. Barua ya mama wa makala kwa mwenye nyumba, iliyorudiwa kwa sababu hakupenda mwandiko wa kompyuta. Memwari nzima ya bwana mmoja ambaye siku hizi anavuka upande wa pili wa barabara akiniona. Nikaendelea mpaka kurani ikakatika, nikaendelea gizani. Binti alikuwa ameacha kuandika.

Kwa hiyo natangaza. Nimepimwa, kitaalamu, na mtu aliyesomeshwa kwa feza yangu. Daftari silihitaji, na anayesema alishalipa asijisumbue kuapa. Njooni mlipe, binti ameanza kutaja mikroskopu.